Mlango Wetu Kwenye Picha za Visiwani

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, wanawake wa Ng'ambo, mtaa wetu hapa Tabora, walikuja kumtazama kwa zamu, na kila aliyeinama juu yake alisema neno lile lile: huyu kamchukua babu yake. Mmoja akasema ni paji la uso. Mwingine akasema paji gani, tazama kidevu. Wakabishana palepale juu ya kitanda changu, wakacheka, wakala michembe yangu ya viazi na karanga zangu, wakaaga. Nikabaki namgeuza mtoto huku na huku, namtafuta ndani yake mtu nisiyemjua. Babu aliyekuwa akisemwa ni baba yangu mzazi, na mle chumbani mimi ndiye niliyekuwa siujui uso wake.

Baba alikufa nikiwa bado nabebwa mgongoni nikichoka kutembea. Si kwamba sikumbuki kitu. Nalikumbuka koti lake jeusi lililonuka tumbaku. Naikumbuka fimbo yake ikigonga sakafu, na kile kikohozi alichokuwa akikitanguliza kabla ya kuingia ndani, ili watu wakae sawasawa. Lakini uso hakuna. Nikijaribu napata koti, napata kola ya kanzu, na juu ya kola hamna kitu.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba mlango wetu naukumbuka wote. Baba alikuwa amekwenda pwani ujanani, kabla ya reli, akibeba mizigo ya watu kichwani kutoka Tabora mpaka baharini na kurudi. Alirudi na dini, na akarudi na tamaa ya milango ya pwani. Alipojenga nyumba yake Ng'ambo, alimtafuta fundi akamchongea mlango kama aliyoiona huko: maua juu, mnyororo ukiteremka kila upande, na baraza mbili za udongo za kukalia wageni. Mchwa walipoila kona ya chini, alipigilia kipande cha debe la mafuta ya taa, bati lenyewe likiwa limekatwa vibaya, limekaa upande. Nilikuwa nikiliparuza kwa kucha bati hilo mpaka nafukuzwa. Baba alipofariki nyumba haikudumu, masika mawili matatu ikalala chini, na mlango ukaisha kwa mchwa. Sasa niambie, ni akili gani inayotunza bati la debe ikamtupa baba? Nimejikasirikia kwa hilo tangu nikiwa msichana.

Picha yake haikuwapo. Siku hizo za baba, mtu wa kawaida alipigwa picha wapi? Mama ndiye aliyekuwa picha yangu, na mama naye alikuwa mchoyo wa maneno. Ukimuuliza baba alikuwaje, anasema, "Alikuwa mrefu." Ukiuliza tena, anasema, "Mrefu kiasi." Na wakati nilipojifungua mama alikuwa ameshafungwa macho na mtoto wa jicho, anaishi nasi, mimi na mume wangu aliyekuwa akifanya kazi relini. Hakuweza hata kunisaidia kulitafuta paji la uso la mtoto.

Pale mtaa wa Kanyenye palikuwa na duka la Mhindi mmoja tuliyekuwa tukinunua nguo kwake, mtu mpole, anayekuacha utazame vitu vyake hata kama huna nia ya kununua. Karibu na mlango alikuwa na kabati dogo la kioo lenye picha za visiwani. Ziliachwa pale na mpiga picha mmoja wa Unguja ambaye zamani alikuwa akipita na treni kwenda Kigoma, akipiga watu na nyumba njiani, na kuuza alizozipiga kwao. Mimi sijaiona bahari, lakini visiwa vile nilivijua kwa kioo. Nilimjua mwanamke aliyekaa kizingitini akisuka ukili, mguu mmoja umekunjwa. Nilimjua muuza kahawa na buli lake. Niliujua uchochoro mwembamba ambao watu wawili hawawezi kupishana mpaka mmoja ageuke ubavu. Nilikuwa nikisimama pale nikitazama mpaka mume wangu ananivuta ushungi.

Siku hiyo nilikwenda kununua kaniki, mtoto mgongoni. Mwenye duka alikuwa akifuta vumbi, picha zote amezitandaza juu ya meza, hata zile zilizokuwa zimefunikwa na nyingine miaka yote. Nikaona mlango. Maua juu, mnyororo pembeni. Nikasema moyoni, wa Unguja, umefanana na wetu. Kisha nikaona kona ya chini, bati la debe, limekaa upande.

Kwenye baraza ya kulia alikaa mwanamume wa kanzu na koti jeusi, fimbo katikati ya magoti, kichwa amekirusha nyuma, anacheka meno yote nje. Picha ilikuwa ndogo na imefifia, lakini vifungo vya koti vilionekana, vitatu vyeusi na kimoja cheupe. Koti hilo lilikuwa sandukuni mwa mama, na kifungo cheupe nilikuwa nacho kwenye ncha za vidole vyangu tangu utotoni. Nyuma ya mtu huyo palikuwa na wanawake, na mmoja amebeba mtoto ambaye alikuwa ukungu mtupu, maana alitikisika.

Niliigeuza. Nyuma pameandikwa kwa wino: Mlango wa kale na mwenyeji wake, Unguja.

"Hapa si Unguja," nilimwambia mwenye duka, na nadhani nilipiga kelele. "Hapa ni Ng'ambo! Hapa ni kwetu!"

"Dada, mimi nauza tu," alisema. "Aliyepiga ameandika Unguja. Kwani Unguja umefika?"

Sijafika. Basi nikaanza kuchanganyikiwa palepale dukani. Labda baba alivuka bahari nisiambiwe? Labda kule nako kuna mlango wenye bati la debe, na ndiko alikouiga? Na koti je? Lakini moyo haukuwa na habari na maswali hayo. Moyo ulikuwa unaniambia jambo moja: umepata uso. Kaniki sikununua. Niliinunua ile picha, nikaenda nyumbani mbio mpaka mtoto akaanza kulia.

Mama alikuwa uani anachambua mlenda kwa kupapasa. Nilimtia picha mkononi. Akaipapasa mbele na nyuma, akainusa, akaniuliza ni kitu gani. Nikamwambia. Mikono yake ikasimama.

"Nieleze," akasema.

Nikamweleza mlango, akaitikia. Nikamweleza bati, akatabasamu. Nikamweleza koti na kifungo cheupe, machozi yakaanza kumtoka kwenye yale macho yasiyoona, nami nikaanza kulia kwa furaha.

"Amekaaje?"

"Kwenye baraza, na fimbo yake. Anacheka, mama. Anacheka meno yote nje!"

Mama akachukua jani moja la mlenda, akalirudisha. "Wanawake wa nyuma wamevaaje?"

"Kaniki. Wengine wamekaa chini."

Akaipapasa mara moja zaidi. Kisha akanirudishia picha akasema, "Haya. Mweke ukutani."

Mume wangu aliitengenezea fremu ya mbao, tukaitundika mkabala na mlango. Kila asubuhi nilimwamkia baba. Shikamoo baba, halafu naenda kuwasha moto. Mtoto alipoanza kusema, nilimnyanyua mpaka usawa wa picha naye akasema shikamoo babu, mate yakimtoka. Nililinganisha kidevu cha mtoto na kidevu cha picha, paji na paji. Siku nyingine vilifanana kabisa. Siku nyingine havikufanana hata kidogo, nami nikamlaumu mpiga picha kwa kumpiga mtu akiwa amerusha kichwa nyuma.

Nikawaita wale wanawake waliokula karanga zangu. Wao si walimjua? Wa paji la uso akasema, "Ndiye kabisa, Mungu amrehemu." Wa kidevu akasema siye, baba yangu hakuwa na masikio makubwa namna hiyo. Wa tatu akasema picha huwabadilisha watu, hata yeye alipopigwa ya harusi alitoka mweusi kuliko alivyo. Wakageukia harusi ya huyo, baba yangu akaachwa ukutani. Nilipowasindikiza nilikuwa nimechanganyikiwa kuliko kabla hawajaja, na hasira juu. Walimjua na hawakumjua. Na mama, kila nilipomuuliza, alikuwa na kazi ya kufanya.

Mtoto alikuwa ameshaacha ziwa alipotufikia mgeni kutoka Kaliua, njia ya reli ya Kigoma. Alikuwa mzee Mzaramo, mrefu, amevaa kofia ya kazi ya reli ingawa reli ilishamstaafisha. Nilikuwa nikimsikia kwa jina la mtani wa baba. Walikutana kwenye misafara ya mizigo, Mzaramo na Mnyamwezi, na utani wao wa kabila ukawa udugu. Baada ya baba kufa yeye alihamia Kaliua, na mimi sikuwahi kumwona kwa akili zangu za utu uzima. Alikuwa amesikia mama haoni, akapanda treni kuja kumpa pole.

Nilipiga goti. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyekuwa ukinikojolea? Wanyamwezi bwana, mnakua upesi mkishaona ugali." Akaingia, akamtafuta mama kwa macho, na kabla hajamsalimu macho yake yakatua ukutani.

Akasimama. Akaisogelea picha, pua karibu na kioo. Kisha akaanza kucheka, akakirusha kichwa nyuma, meno machache yaliyobaki yote nje, na mimi nilipomwona amefanya hivyo niliishika nguzo ya mlango.

"Shemeji!" akaita. "Nani kanitundika mimi huku?"

Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

Yule mzee alitueleza akiwa ameketi mkekani, na kila alipoeleza mimi nilizidi kupotea. Ilikuwa siku ya matanga ya baba. Mtani haombolezi kama watu wengine. Kazi yake msibani ni kuzichukua nguo za marehemu azivae, atembee kama yeye, akohoe kama yeye, awatukane waliobaki kama yeye, mpaka mfiwa acheke kwa nguvu. Nguo hazirudi mpaka wafiwa wazikomboe kwa fedha. Basi alikuwa amekaa kwenye baraza ya rafiki yake, ndani ya koti la rafiki yake, watu wanacheka na kulia pamoja, ndipo akapita mgeni wa Unguja na kamera ya miguu mitatu, ametoka stesheni. Akauliza kama kuna harusi. Mtani mwingine akamjibu ndiyo, harusi. Akauliza bwana harusi yuko wapi.

"Nikamwambia ni mimi," mzee alisema. "Akaniweka sawa, akajifunika kitambaa chake cheusi. Kwa nini aliandika Unguja, hilo sijui. Labda alichanganya. Labda watu wanapenda mlango ukiwa wa Unguja. Na huyu mtoto wa ukungu ni wewe. Ulikataa kutulia. Uliniona na koti, ukawa unanyoosha mikono uje kwangu."

Nilimchukia. Nasema kama ilivyokuwa: nilimchukia yule mzee, nikamchukia mpiga picha, nikamgeukia na mama. "Ulijua?"

"Uliponiambia anacheka, na nyuma wanawake wako chini na kaniki za msiba, nilijua," alisema mama. "Baba yako hakucheka hivyo hata siku moja. Lakini ulikuwa umefurahi. Ningekunyang'anyaje?"

"Alicheka," mzee akamkata. "Wewe shemeji hukumjua wa njiani. Nyumbani alikuwa sheikh. Njiani, mzigo ukishatua, moto umewashwa, alicheka hivi hivi mpaka anaanguka nyuma. Mimi pale barazani sikuwa nacheka kicheko changu. Nilikuwa nacheka chake yeye mwenyewe. Ndivyo sisi tunavyolia."

Mama akasema hapana, mzee akasema ndiyo, wakabishana juu ya mume wa mmoja na rafiki wa mwingine, na mimi katikati sikujua yupi ameishi naye tu na yupi amemjua. Halafu likaniingia wazo lililonitoa jasho. Kama nilinyoosha mikono kulifuata koti siku ile, basi lile koti ninalolikumbuka lilivaliwa na nani? Ile fimbo, kile kikohozi, vilikuwa vya baba au vya huyu mwigizaji? Uso sikuwa nao tena, na huenda hata vile vichache nilivyodhani ninavyo havikuwa vya baba.

Nikamwuliza. Sauti yangu ilikuwa ya ugomvi. "Alikohoaje?"

Mzee alinitazama, utani ukamtoka machoni. Akamwomba mama ruhusa, tukatoa koti sandukuni. Akalivaa, akachukua fimbo yake ya kutembelea, akatoka nje, viatu vyake vya reli vikisikika kibarazani. Tukangoja. Fimbo ikagonga, ikapumzika, ikagonga. Kikasikika kile kikohozi, kifupi, kikavu, cha mtu anayewaambia watu wakae sawasawa. Nilitaka kuinuka nikae vizuri, mimi mama wa mtu.

Mama aliyageuza macho yake yaliyokufa kuelekea mlangoni. "Vua viatu," akasema. "Mkeka mpya huo."

Kisha akajishika mdomo. Alikuwa amesema bila kufikiri, kama alivyokuwa akisema kila siku zamani. Mzee alisimama pale kizingitini, akavua kiatu kimoja, akashindwa kuendelea na kingine.

Picha sikuiteremsha. Mume wangu aliniuliza kwa nini, nikamwambia niteremshe nani? Nilikata tu shikamoo yangu ya asubuhi kwa wiki moja, kisha nikairudisha, maana niliona naitia nyumba mkosi. Lakini sikujua namwamkia yupi. Mzee alipokuwa akija Tabora alijiamkia mwenyewe ukutani, "Habari za asubuhi, bwana harusi," kisha anadai chakula cha watu wawili. Mtoto wangu alimwita babu, naye mzee hakumkosoa.

Alikufa kwao Kaliua, wakati reli ya Mpanda imeshaanza kupeleka watu na kuleta watu pale, stesheni haina nafasi ya kutua kikapu. Habari ilipofika, mama alisema lazima afike kumzika shemeji yake, akongoje, abebwe, vyovyote atakavyofika. Nilipokuwa nafunga nguo akasema, "Na koti."

"Koti la nini?"

"Wewe ni mtani wake sasa. Nani mwingine amebaki?"

Ndani ya treni nililipakata koti lile njia nzima, miti ya miombo inapita dirishani, na nilikuwa na hofu ya mtihani. Watani wengine wanaanza utotoni. Mimi nilizoea kupika misibani na kunyamaza. Tena ningemwigizaje mzee yule? Nilipofumba macho nimtafute yeye mwenyewe, alivyokuwa akitembea siku zake za kawaida, sikumpata. Nilichokuwa nacho ni yeye akiwa baba.

Msibani kulikuwa kumejaa. Wanawake wametanda mikeka uani, binti zake wamekaa katikati, macho yamevimba. Nilimkalisha mama kati yao. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikavaa koti juu ya kanga zangu, likanifika magotini, nikavaa viatu vya marehemu ambavyo binti mmoja alikuwa amevificha nisivichukue, nikashika fimbo yake. Harufu ya tumbaku ilikuwa bado iko mle ndani ya kola, au ndivyo nilivyotaka.

Nikatokea. Fimbo ikagonga, ikapumzika, ikagonga. Nikakohoa kile kikohozi. Binti wa kwanza akainua uso, akanitazama, akapasuka kicheko katikati ya kilio, na kicheko kikashika mkeka mzima, wanawake wanapigana mapajani, "Baba huyo! Baba huyo kaja!" Nami nikakirusha kichwa nyuma nikacheka meno yote nje, nalia, sijui namlilia mzee wao au wa kwetu.

Nilipokishusha kichwa nilimwona mama. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameketi wima, amejiweka sawa kanga, uso ameuelekeza kwangu, na akanisemesha kwa sauti ya kawaida, ya mtu wa siku zote.

"Vua viatu, baba watoto," alisema. "Mkeka wa watu huo."

Mpaka leo sijui kama alijua ni mimi. Nilivivua vyote viwili, nikaviweka pembeni, nikaenda kukaa naye.